Riwaya si Lazima Iingie Darasani

Nikijitambulisha kuwa naandika riwaya, swali linalofuata huwa lilelile: kitabu chako kinasomwa kidato cha ngapi? Nikijibu kwamba hakimo kwenye orodha ya shule, mwenzangu hushusha sauti na kunipa pole. "Usikate tamaa dada, ipo siku kitaingia." Husema kwa nia njema kabisa. Hata hivyo sijawahi kuandika ukurasa nikimfikiria mtahini, na naamini riwaya inaweza kufanikiwa kikamilifu bila mwanafunzi yeyote kutakiwa ataje dhamira zake kwenye mtihani.

Naishi Kihonda, Morogoro. Mchana nina steshenari: natoa kopi, nachapa barua na risala, naandaa mitihani ya shule za jirani, nafunga ripoti za wanachuo. Alfajiri, kabla sijafungua mlango wa duka, naandika riwaya za upelelezi. Hakuna kampuni inayonichapishia. Namlipa mhariri, namlipa msanii wa jalada, nalipa kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam, kisha nauza mwenyewe. Waandishi wa namna hii nchini ni wengi kuliko watu wanavyodhani, na baadhi yao wameungana katika UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira, ili angalau wasomane na kusaidiana.

Kujitegemea huku hakukuanza na simu za mkononi. Ben Mtobwa, aliyetupa mpelelezi Joram Kiango, alianzisha Heko Publishers, na riwaya yake Dar es Salaam Usiku ilitokea humo. Elvis Musiba, baba wa mpelelezi Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akianzia idara ya forodha. Kezilahabi alikuwa mwalimu. Kwa hiyo mtu anaponiuliza kama sioni aibu kuuza kalamu na bahasha wakati mimi ni mwandishi, namjibu kwamba nimo kwenye ukoo unaoeleweka. Fasihi yetu karibu yote imeandikwa na watu waliokuwa na kazi nyingine ya kuwapa ugali.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Chini ya kiti chake kulikuwa na Njama ya Musiba isiyo na jalada, na utingo wake naye alikuwa akiisoma, kila mmoja akikunja kona ya ukurasa wake. Hakuna aliyewapangia waisome. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka 1965, ilisomwa namna hiyohiyo: ikapita mkono kwa mkono, kambini, hospitalini, kwenye mabenchi ya stendi. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, na watu wakaitafuta. Wasomaji wale walikuwapo. Waliingia kwenye kitabu kwa hiari yao na wakakimaliza kwa sababu walitaka kujua kinaishaje.

Leo tumewafanya nini wasomaji wa aina ile? Mimi nawaona dukani kwangu. Wanafunzi wa sekondari huja kutoa kopi za notsi za uhakiki: fani na maudhui ya Takadini, dhamira za Watoto wa Mama N'tilie, mafanikio na kutofaulu kwa mwandishi wa Joka la Mdimu. Kurasa nane au kumi, zimechapwa kwa herufi ndogo ili kuokoa karatasi. Nimekuwa nikiwauliza kama wameisoma riwaya yenyewe. Wengi hawajui hata jalada lake lina rangi gani. Wanakariri migogoro ya watu ambao hawajawahi kukutana nao, wanafaulu, halafu hawashiki riwaya tena maishani. Siwalaumu. Kitabu kimoja hugombaniwa na darasa zima, na mtihani hauulizi kama ulilia au ulicheka.

Wachapishaji nao wameelekea huko kwa sababu zinazoeleweka: shule ndiyo mnunuzi anayenunua kwa maelfu. Mswada wa riwaya ya watu wazima ukifika mezani, hesabu ya kwanza ni kama utapita kuwa kitabu cha kiada au cha ziada. Mapenzi yapunguzwe, matusi yaondolewe, mwisho uwe na funzo. Hussein Tuwa aliandika Mfadhili, riwaya ya mapenzi inayosisimua kwelikweli, na imesomwa kidato cha tano na sita. Nafurahi kwa ajili yake na kwa ajili ya vijana walioipata. Lakini mlango mmoja hautoshi waandishi wa nchi nzima, na kuna hadithi ambazo hazifai kupita humo kwa kuwa ziliandikiwa watu wenye ndoa, madeni na siri.

Basi nieleze ninavyofanya kazi, maana wengi hudhani mwandishi hukaa akingoja mzuka umpande.

Naandika kwa mkono kwanza, kwenye kauntabuku. Saa kumi na moja alfajiri mtaa unakuwa na utulivu, na nina muda mpaka saa mbili kasorobo. Nikiandika kurasa mbili zinazosimama, nimefanya kazi. Jioni nazichapa kwenye kompyuta ya dukani, na kule kuchapa ndiko kunakochuja: sentensi ambayo mkono wangu unaona uvivu kuirudia huwa haikustahili kuwepo. Baadaye natoa hadithi kwa vipande kwenye WhatsApp, Jumanne na Ijumaa. Vipande vya mwanzo ni bure. Anayetaka kuendelea hutuma shilingi elfu mbili kwa simu naye huingizwa kwenye kundi la waliolipia. Huko nina wauguzi wa zamu ya usiku, kina mama wa genge, madereva, walinzi, mwalimu mkuu mmoja aliyestaafu, na wanawake walioko Uarabuni wanaofanya kazi za nyumbani, ambao husoma wakishalala mabosi wao.

Hawa wananifundisha kazi. Nilipotaka kuandika sura inayotokea kwenye ghala la nafaka usiku, nilimuuliza msomaji wangu ambaye ni mlinzi. Alinieleza jinsi lindo linavyokabidhiwa, kitabu cha matukio kinavyojazwa, mlinzi anavyojua kwa harufu ya sigara kwamba kuna mtu nyuma ya ukuta. Nisingeyapata hayo kwenye maktaba yoyote. Mhusika anapomgusa msomaji, simu hulia. "Dada mwandishi, yule mama mkwe usimuue, tunamhitaji." Siandiki kwa kura, na mama mkwe yule alikufa, lakini hakuna mhakiki ambaye angenionyesha kwa uwazi ule kwamba mwanamke niliyemweka pembeni ndiye aliyeibeba hadithi.

Wasomi wengine huzibeza hadithi za vipande. Mimi sizibezi. Nilikua na magazeti ya Global Publishers, na hadithi za Eric Shigongo zilizotufanya tuhesabu siku mpaka gazeti litoke. Nyumbani kwetu gazeti lilikuwa moja, na mwenye sauti ndiye aliyesoma. Kazi ya vipande humfundisha mwandishi heshima kwa muda wa msomaji. Ina madhara yake pia, na ni lazima tuyaseme sisi wenyewe tunaoifanya: kila kipande kikiishia kwenye taharuki, wahusika hawapati nafasi ya kukaa, kunywa chai, kukumbuka, kunyamaza. Matukio yanawala watu. Ndiyo maana nikigeuza hadithi kuwa kitabu huandika upya sehemu ya katikati yote, na naondoa zaidi ya nusu ya vile vimalizio vya kushtua. Mwandishi anayebandika vipande vyake kama vilivyo na kuviita riwaya anamuuzia msomaji kitu ambacho hakijaiva, na hilo limetuharibia jina.

Sasa fedha. Kiwanda cha uchapaji hushusha bei ya nakala moja kadiri unavyochapa nyingi, na chini ya nakala mia tano mahesabu ya kitabu cha kurasa mia mbili hayakai sawa. Unapata namba ya ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, unalipa sehemu kubwa kabla mashine haijawashwa, halafu maboksi yanakuja kujaza chumba chako cha kulala. Maduka huchukua kwa mali kauli: vikiuzwa utalipwa, na duka litabaki na sehemu yake. Ninachotegemea zaidi ni stendi ya mabasi ya Msamvu. Msomaji wa Songea au Mwanza anatuma shilingi elfu kumi na nauli ya mzigo, mimi nafunga bahasha, naipeleka stendi, namtumia namba ya basi na ya kondakta. Kesho yake ananipigia: "Kimefika, dada, ubarikiwe." Hiyo ndiyo tasnia ya vitabu ninayoijua.

Katika hesabu hiyo kila nakala ina kazi yake. Nakala za kwanza zinarudisha deni la kiwanda, zinazofuata zinamlipa mhariri wa kitabu kijacho, na zile za mwishomwisho ndizo zinazoninunulia muda. Watu hawaioni hii ya mwisho.

Kuna kitabu nimekuwa nikikitamani kwa miaka. Mama yangu ni Mluguru wa Matombo. Mwaka 1955, chini ya mpango wa serikali ya kikoloni wa matumizi ya ardhi Uluguru, wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ya mlima. Wakakataa. Kukatokea ghasia, mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi, na mpango ukafa. Vitabu vya historia huligusa tukio hili ili kueleza jinsi TANU ilivyopata nguvu Morogoro, kisha hupita. Mdogo wake bibi yangu alikuwa binti mdogo wakati huo. Nikienda kumsalimia na kumuuliza, ananiambia, "Mjukuu wangu, udongo wetu ni mwembamba. Ukiuchimba kwenda chini unaleta juu ule usiozaa. Hilo tulilijua hata sisi watoto, wao wakatuona wavivu." Kisha anaanza kutaja nani alikuwa ametoka ukoo gani, shamba lilikuwa la mama wa nani, mjomba gani alisimama mkutanoni na yupi alikaa kimya. Uluguru ardhi hufuata upande wa mama. Kwa hiyo ugomvi wa matuta ulikuwa pia ugomvi wa ndani ya nyumba, kati ya wajomba, waume na wanawake wenye ukoo, na hapo ndipo riwaya ilipo.

Riwaya hiyo haiwezi kuandikwa kwa vipande vya Jumanne na Ijumaa. Inataka nipande mlimani mara nyingi kuwasikiliza wazee ambao wanazidi kupungua, nikae Nyaraka za Taifa Dar es Salaam nikisoma majalada ya wilaya, nirudie sura moja mpaka isimame. Ni kazi ya miaka, na katika miaka hiyo mimi na watoto wangu tutakula. Mpelelezi wangu ndiye atakayeigharimia. Nakala za riwaya za upelelezi zikiuzwa vizuri, naweza kumweka kijana dukani nikafunga mahesabu yangu saa sita mchana na kurudi kuandika. Hilo ndilo lengo langu, na nalisema wazi kwa kuwa waandishi tumezoea kuulizwa ndoto kubwa: nusu ya siku yangu, kila siku, iwe ya riwaya.

Hapo ndipo PDF inapoumiza. Wiki chache baada ya kitabu changu cha pili kutoka, kijana aliingia dukani na simu, akaomba nimchapie faili. Nilipolifungua nikakuta ni riwaya yangu, kurasa zote, zimepigwa picha moja moja, kidole cha mpiga picha kikionekana pembeni. Kijana hakujua mimi ni nani. "Nimetumiwa tu kwenye grupu, dada. Watu wanaisifia sana." Nilimwambia mimi ndiye mwandishi. Alishtuka, akaomba radhi, na kabla hajaondoka akanunua nakala halisi. Kijana muungwana. Lakini kundi alilotumiwa lilikuwa na mamia ya watu, na yapo makundi mengine.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Naifahamu, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Ila kumfungulia mashtaka kila anayebonyeza kitufe cha kusambaza ni jambo lisilowezekana, na wengi wao ni watu wanaoipenda hadithi kwa dhati. Wanasambaza kwa mapenzi. Nataka waelewe kwamba mapenzi hayo yananinyima ile nusu ya siku, na yatawanyima wao kitabu kinachofuata. Mtu asiye na fedha kabisa aniambie. Huwa natuma vipande bure kwa wanafunzi na wagonjwa, na waandishi wengi ninaowajua hufanya hivyo. Mwenye shilingi elfu mbili ya bando anayo elfu mbili ya hadithi.

Wapo wanaonishauri nifuate tuzo. Zipo, na ni jambo jema. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023, humpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10 na serikali kukichapisha kitabu chake. Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati Cornell, imeibua majina ambayo tusingeyasikia. Nimeshangilia washindi wake na nitaendelea. Tatizo langu ni pale tuzo inapogeuzwa kuwa sera nzima ya fasihi. Jopo la majaji humchagua mmoja katika mamia, na wale wengine wote wanarudi nyumbani na miswada yao. Nimesoma pia miswada ya vijana wanaoandika wakikisia majaji watapenda nini: wahusika wanahutubia, kijiji kina mzee mwenye busara, mwisho rushwa inashindwa. Vijana hawa wana vipaji. Wakipata wasomaji mia tatu wanaolipa na kuwajibu, wataacha kuhutubia ndani ya mwaka mmoja.

Kuna njia ambayo nchi hii imewahi kuipita na ikafanya kazi. Tangu 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulikuwa ukinunua sehemu kubwa ya nakala za vitabu vya watoto vilivyopitishwa na kuzipeleka kwenye maktaba za shule. Mchapishaji alijua mapema kwamba nakala kadhaa zina mnunuzi, hivyo akathubutu kuchapa. Sielewi kwa nini riwaya ya watu wazima isipate mpango kama huo. Tuna maktaba za mikoa, na Morogoro ipo. Bodi ya Huduma za Maktaba ikichagua kila mwaka riwaya kadhaa mpya za Kiswahili, za kampuni na za waandishi huru, ikanunua nakala mia tatu tu za kila moja kwa bei halali na kuzisambaza mikoani, mwandishi wa Tandahimba au Kasulu ataweza kulipa kiwanda bila kuuza ng'ombe. Wasomaji wasio na elfu kumi nao watapata kitabu bila kuiba. Halmashauri zinazonunua fulana za maadhimisho ya Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai zinaweza kununua riwaya za waandishi wa wilaya yao kwa fungu hilohilo.

Na walimu wa Kiswahili, nawaomba kitu kimoja. Acheni kipindi kimoja kwa mwezi bila notsi. Mwanafunzi asome riwaya yoyote aliyoichagua, iwe ya Willy Gamba, iwe ya mapenzi, iwe ya dada wa steshenari, na asiulizwe dhamira. Aulizwe tu kama ameimaliza.

Ndugu msomaji, ombi langu kwako ni dogo zaidi. Ukitumiwa PDF ya riwaya ya mwandishi wa Kitanzania aliye hai, na ukaipenda, usiisambaze. Fungua ukurasa wa pili. Sisi waandishi huru wengi wetu huandika namba ya simu pale. Piga, ulize bei, tuma fedha, taja basi unalotaka lilete mzigo wako.